Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotusumbua mwaka mzima: namna tunavyounganisha kazi za wachangiaji kwenye programu yetu ya vikoba.

Mnaikumbuka hitilafu ya faini. Mwanakikundi akileta marejesho siku yenyewe ya mwisho, programu inamtoza kama mchelewaji. Tuliisaka kwa Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo. Amri yake ya git bisect hukata historia hiyo nusu kwa nusu, ukiipima programu kila hatua, hata komiti 1,000, yaani mabadiliko 1,000 yaliyohifadhiwa kila moja na maelezo yake, zikaisha kwa hatua kama 10. Sisi tulikwama hatua ya nne. Komiti zilizofuatana zilisomeka "nimerekebisha", "tena", "sasa sawa", na nyingine programu haikuwaka kabisa, utaipimaje? Usiku ulipoingia ndipo tukauona mstari wenyewe: palipotakiwa "tarehe imepita" paliandikwa "imefika au imepita".

Tangu siku hiyo tukaanza kukunja komiti za kila mchango kuwa moja kabla ya kuziingiza kwenye tawi kuu, yaani historia rasmi ya programu. Historia ikasomeka. Lakini tulitumia git merge --squash, amri ya kukunja, halafu msimamizi anayepokea mchango anaweka komiti kwa jina lake. Mwanachama mmoja, mwanafunzi, alikuwa ametafsiri ujumbe wote wa programu kwa majuma mawili. Alipofungua historia hakujiona popote. Kazi yote ilikuwa na jina la aliyeipokea. Nilimwomba radhi, na leo naomba tena mbele yenu, kwa maana kwa kijana anayetafuta kazi, historia ile ndiyo cheti chake. Tumemwandika kwenye faili la wachangiaji, kwani tawi kuu hatuliandiki upya: wengi wameshalinakili, na kulibadilisha ni kuwavuruga wote.

Naomba mkutano upitishe haya. Komiti moja ibebe badiliko moja, na programu iwake nayo. Maelezo yake yaseme kwa nini, maana lililobadilika msimbo wenyewe unalionyesha. Mchangiaji asafishe tawi lake mwenyewe kwa git rebase, amri ya kupanga upya komiti, kabla halijaunganishwa. Msimamizi akilazimika kukunja, aweke mwandishi halisi kwa chaguo la --author, na walioshirikiana waandikwe kwenye mistari ya Co-authored-by. Asiyeijua rebase asirudishiwe kazi mikono mitupu. Msimamizi akae naye wafanye pamoja. Mimi nimejitolea Jumamosi mbili za kwanza za kila mwezi, na anayetaka kuungana nami ajiandikishe kwa katibu leo.

Mwenyekiti