Kichwa cha huyo chatu kinapinduka, na sisi tunasifu rangi

Mhariri,

Ile makala yenu ya nyoka wa kufugwa wa rangi rangi niliisoma nikiwa kwa matatu nikitoka Umoja kwenda tao, na picha zilikuwa safi sana sikatai, lakini kuna kitu mliacha na kimenikaa rohoni.

Yule wa kahawia mwenye mistari myembamba kama utando wa buibui anaitwa spaida. Ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojiviringa kama mpira wakiogopa, na binamu yangu aliye Uingereza alinunua mmoja. Siku moja akanipigia video nimwone akila. Panya ametolewa friza, ameshikwa na koleo karibu kabisa na mdomo, chatu anainua kichwa, kichwa kinaanza kutetemeka, mara kinapinduka kidevu kikaangalia juu, akaruka akakosa. Akarudia, akakosa tena. Binamu anacheka, ati hiyo ni kawaida yao. Mimi sikucheka. Ushago kuku akipinda shingo hivyo tunajua ni kideri, hakuna mtu anamtafutia jogoo ndio apate vifaranga kama yeye.

Na ni kweli ni kawaida yao, hapo ndio shida iko. Jeni inayochora ule urembo ndiyo hiyo hiyo inayoharibu sikio la ndani, ile sehemu inayomwambia mnyama juu ni wapi na chini ni wapi. Wamezalishwa tangu mwisho wa miaka ya 1990 na hakuna aliyefaulu kubakisha rangi akaondoa kutetemeka. Tena mzazi mmoja tu akiwa nayo inatosha, karibu nusu ya watoto wataibeba, kwa hivyo mtu anayewapandisha anajua kabisa ni nini kitatoka kwa hayo mayai. Huko huko Uingereza, chama cha International Herpetological Society kilikataza spaida kuuzwa kwa maonyesho yake mwaka wa 2018, na hao ni watu wanaopenda nyoka, sio wa kukimbia wakimwona.

Wenye kutetea wanasema anakula, ananenepa, anataga, sasa anaumia wapi? Lakini nyoka halii jamani. Mbwa akiumwa mtaa mzima utasikia, huyu atanyamaza tu na kichwa chake kimepinduka, sasa kunyamaza ndio tuite afya?

Najua wengi watasema nyoka dawa yake ni rungu. Sawa, muogope, lakini huyu hakujileta kwa hilo sanduku la kioo, na hiyo shingo hakujipinda mwenyewe.

Hapa Kenya kufuga nyoka lazima uwe na kibali cha KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2013 iko wazi. Naomba mtu akiomba kibali aulizwe pia ni chatu wa aina gani, na akisema spaida anyimwe. Na nyinyi mkienda kupiga picha tena, mwambieni mwenye nyoka amlishe mbele yenu.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi