Aksanti ya famiya: muguu wa Papa ulibakia

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Sisi watoto wa Papa fundi wa kushona wa Birere, hapa Goma, pamoja na Mama na wajukuu, tulipashwa kuandika hii tangu mwezi uliopita, lakini kila tukikaa kupanga majina tunaanza kulia, ama kubishana nani tumesahau.

Wengi mliuliza ilikuwa nini. Ilianza na kauvimbe mbele ya muguu, chini kidogo ya goti, hakaumi, Papa akasema ni mashini ndio inamugonga. Kakafika kama yai ya kuku. Mahali fulani, hatutaji, wakapasua wakisema ni jipu, usaha haikutoka hata tone, na kisha miezi mbili kikarudia kikubwa kuliko mbele. Docta mwengine akakataa kushika kisu mbele ya kupima, akatoa kipande kidogo kikaenda laboratwari ya Kigali, tukangoja wiki tatu. Jibu ikakuja: sarkoma, yani kansa ya nyama laini, si ya mufupa.

Wakatuambia muguu ukatwe juu ya goti. Papa hakusema kitu, aliangalia tu kiatu yake. Mutu ameshona kwa pedali miaka 31, utamuambia nini? Karatasi ya kusaini ilikuwa tayari juu ya meza, biki juu yake. Njo Mungu akapitisha pale docta wa kurekebisha viungo, alikuja kuona mugonjwa aliyeungua, akaomba picha za skana azitazame. Akasema mufupa haujaguswa, mishipa mikubwa haijaguswa, huu muguu tuuache. Akageuza ile karatasi akatuchorea nyuma yake: watatoa uvimbe na nyama nzuri ya pembeni, pamoja na kovu ya kile kisu ya kwanza, shimo litabaki kubwa mpaka mufupa uonekane, halafu watachukua nyama ya shavu la muguu, bila kuikata na mushipa wake wa damu, waigeuze ije mbele ifunike, na kisha waweke juu ngozi ya paja. Ile karatasi tuko nayo mpaka leo, haijasainiwa.

Masaa saba tulikaa inje. Usiku wa pili, mimi ndiye nilikuwa namlinda, umeme ulikatika, na infirmiye (muuguzi) wa zamu alikuwa anakuja kila saa kugusa ile nyama kama iko na joto. Saa tisa ya usiku akaona inaanza kuwa buluu. Hakungoja asubuhi, akalegeza bandeji, akapigia docta, akasimama pale na tochi ya simu mpaka wekundu ukarudi. Dada yetu, hutaki tutaje jina lako, sawa, lakini Mungu anakujua na Papa anakuita binti yake.

Ngozi waliiweka kisha wiki moja. Siku ya tano walipofungua niliona matundu matundu kama wavu wa sambaza, wale samaki wadogo, Mama akashtuka akafikiri imeharibika, docta akacheka, akasema yatajifunga, na kweli yalijifunga. (Paja walipotoa ngozi ndio lilimuuma kushinda muguu wenyewe, hilo hakuna aliyetuambia mapema.) Halafu jibu ya kile walichotoa: pembeni safi, pande zote. Tulipiga vigelegele pale pale kwa kolidori mpaka wakatufukuza.

Sasa aksanti: wakristu wa parokia na koro, bamama wa soko ya Virunga, mafundi wenzake wote wa Birere, wale wawili mliotoa damu, groupe za WhatsApp za famiya na promosyo, watoto wetu wa Kampala na Ubelgiji, mliotuma kwa simu hata franga kidogo wakati banki zimefungwa, mama mdogo aliyetulaza Kigali wiki sita kwa ajili ya mionzi, mara 30, Jumatatu mpaka Ijumaa. Na wewe motari jirani yetu, uliyekuwa unabeba Papa kwenda kubadilisha bandeji, polepole juu ya yale mawe ya volkano, na ukakataa malipo kila siku, tunakosa neno.

Tusameheni sana sana tusiowataja. Tantini wa Bukavu alituma samaki kwa boti na hatukumuambia hata kama ilifika. Ilifika Tantini, tuliikula, tunaomba musamaha kwa magoti. Ambaye jina lake halipo asifikiri tumemudharau, kichwa kilikuwa kimejaa.

Juzi Jumatano Papa alikanyaga pedali. Alishona mukono mmoja wa shati ya mujukuu, akapumzika, akamaliza wa pili. Wenye nguo zenu ziko kwake tangu mwaka jana, anawaomba uvumilivu, ataanza na zile za Pasaka.