Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu, Kawangware, Nairobi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa wa Afya wa Kaunti Ndogo yetu, chifu wetu, wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa dini, wazazi wenzetu, watoto wetu wapendwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu sana Kawangware. Tunajua umeacha kazi nyingi mezani ili uadhimishe nasi Siku ya Selimundu Duniani, na tunajua msongamano wa Barabara ya Naivasha haumjali mkubwa wala mdogo. Ahsante kwa kufika.

Sisi ni wazazi na walezi. Wengi wetu tuna asili ya magharibi mwa nchi, Kakamega, Vihiga, Busia na Siaya, na wachache wametoka Pwani. Ni sehemu ambazo malaria imekaa kwa vizazi vingi, na ndiko kinasaba cha selimundu, au sikoseli kama tunavyoiita mtaani, kilikoenea zaidi. Baadhi yetu tulikuwa hatujawahi kuusikia ugonjwa huu mpaka mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu hata mwaka hajautimiza. Tulifahamiana kwenye mabenchi ya kliniki. Chama chetu kilianza kama cha kuchangiana nauli ya kwenda huko. Kisha mwenzetu mmoja, Mkamba, aliyekuwa hawezi kukaa bure, akawa anakuja na mkonge wake na kusuka kiondo huku akisubiri mtoto aitwe. Muuguzi akakinunua hata hakijatiwa mikanda. Siku hiyo kila mama pale benchini alitaka kufundishwa.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa afya na hatuwezi kukufundisha kazi yako, ila wapo hapa majirani wasioelewa kwa nini mtu asuke vikapu usiku kucha. Mtoto mwenye selimundu ana damu ambayo chembe zake nyekundu hujikunja na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapoanza, ya mifupa, kifua na tumbo. Mtoto huyo anatakiwa kunywa maji mengi, kulala ndani ya neti, kupewa penisilini kila siku hadi afikishe miaka mitano, na asidi ya foliki. Dawa iliyobadilisha maisha ya watoto wengi ni haidroksiyurea, ambayo huuongezea mwili ile himoglobini aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama yake, nayo haijikunji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, walimoshiriki watoto wa Kilifi hapa kwetu pamoja na wenzao wa Uganda, Angola na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa hii walipata maumivu mara chache, maambukizi machache, hata malaria ikapungua, na haja ya kuongezewa damu na vifo vikapungua pia.

Lakini haidroksiyurea si dawa ya kumeza leo ukapumzika wiki ijayo. Ni ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo mtoto akinenepa, nasi tunafurahi huku tukipiga hesabu. Tena inahitaji damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu inaweza kuzishusha chembe nyeupe. Kipimo hicho cha damu ndicho mzazi asiye na pesa huwa wa kwanza kukiruka, maana mtoto anaonekana mzima.

Basi ndiyo maana tunasuka. Mkonge tunauagiza Machakos, mikanda ya ngozi hutiwa na fundi wa soko la Kariokor, na shanga tunanunua mjini kwa kilo. Tunatengeneza vyondo, hereni, bangili, vitambaa vya mezani na, tangu mwaka jana, vikapu vidogo vya kuwekea chaja na funguo, ambavyo vijana wa maofisini wamevipenda kuliko tulivyotarajia. Naomba pia niseme jambo kuhusu akina baba. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja; mzazi mmoja peke yake hawezi kumpa mtoto. Hata hivyo, wapo wanawake hapa waliofukuzwa kwa kuambiwa wameleta damu mbaya nyumbani. Leo anayeongoza kwa kutunga shanga katika kikundi hiki ni mwanamume, fundi wa ujenzi, anayetunga usiku akitoka mjengo. Tafadhali mpigieni makofi, ingawa ameniomba nisimtaje.

Kila kinachouzwa, sehemu moja humwendea aliyetengeneza, sehemu ya pili hununua mali ghafi, na inayobaki huingia mfuko wa dawa. Mfuko huo unamnunulia dawa mtoto yeyote wa kikundi, hata kama mama yake hakusuka chochote mwezi huo. Hatutakuficha kwamba kanuni hii ilizua ugomvi. Wapo waliouliza kwa nini mkono wao ulishe mtoto wa mwingine, na wawili walituaga kwa amani. Tuliobaki tuliona kwamba mama asiyesuka mara nyingi ni yule aliye wodini, na akitoka yeye tutaingia sisi.

Jambo la pili tuliloamua ni kuondoa kwenye bidhaa zetu yale maandishi ya kumwomba mnunuzi amhurumie mtoto mgonjwa. Aliyenunua kwa huruma alinunua mara moja, akakitundika kiondo ukutani, tusimwone tena. Aliyekipenda kwa ususi wake alirudi na dada yake. Halafu watoto wetu wanakua, wanajua kusoma, na hawapendi ugonjwa wao uning'inizwe kwenye hereni.

Sasa tufike penye shida, Mheshimiwa, maana hatukukuita uje kusikia sifa tu.

Kazi ya mikono ina misimu, dawa haina. Wageni wanaokwenda mbuga ya Maasai Mara kuwaona nyumbu huanza kumiminika Julai, na soko la zawadi huchangamka tena Desemba. Aprili na Mei, mvua ikiwa imefunga, unaweza kukaa na mzigo wako sokoni toka asubuhi ukarudi nao wote, na nauli umeshatoa. Mtoto hawezi kuambiwa angoje watalii. Kibaya zaidi, Julai hiyo hiyo soko linapofunguka ndio mwezi wa baridi kali ya Nairobi, na baridi ni adui mkubwa wa selimundu. Hapo ndipo watoto wanapolazwa kwa wingi na mikono inayosuka kupungua. Kwa hiyo wateja wanatuuliza mzigo tusio nao, na dukani dawa inatudai pesa tusizo nazo. Tumejaribu kusuka akiba kuanzia Februari. Inasaidia, ila mkonge wa kuweka akiba nao hununuliwa kwa pesa taslimu.

Wapo pia madalali kwenye masoko ya wazi mjini. Humshika mgeni mkono, humtajia bei yao, na sisi hutupatia ile tuliyosema mwanzo, hata kama kiondo kimeuzwa maradufu mbele ya macho yetu. Hatuwachukii, nao wanatafuta. Lakini tofauti ile ingempimia mtoto damu.

Kuhusu SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya taifa, karibu wote tumejiandikisha. Tatizo letu ni kwamba asiyeajiriwa hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja. Hata kwa kile kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, hizo ni 3,600 za kutolewa kwa mpigo na mtu anayeuza bangili moja moja. Kikundi kimeanza kuwakopesha wanachama kwa zamu ili walipe, na tunaendelea hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni wengi wanaokuja mitaani kwetu huombwa viti, hema na cherehani. Sisi hatuna ombi la cherehani. Ombi letu kubwa ni kwamba haidroksiyurea ipatikane katika kituo cha afya cha umma kilicho karibu nasi, kila mwezi, bila kuambiwa imeisha tujaribu kemisti. Unapoandaa orodha ya dawa za kuagiza, tafadhali ihesabu kwa idadi ya watoto wetu. Tuko tayari kukuletea daftari lenye umri na uzito wa kila mmoja. Pamoja na dawa, mashine ya kupima damu iliyopo ifanye kazi, na mtaalamu wake awepo hata Ijumaa mchana. Tukipata hilo, pesa za vyondo zitafanya kazi nyingine: karo, chakula, blanketi na sweta za Julai.

Tunaomba pia watoto wanaozaliwa hapa wapimwe selimundu mapema, wanapoletwa kliniki kwa chanjo, badala ya mzazi kungoja vidole vivimbe. Na kama kuna nafasi ndogo kwenye uwanja wa ofisi za kaunti, hata mara moja kwa mwezi, tutakuja na meza zetu wenyewe, na tutafagia tukiondoka.

Mheshimiwa, mwenyekiti wetu atakukabidhi kiondo chekundu na cheusi. Hicho ni zawadi na hakina bei. Vilivyo mezani upande wa kulia vina bei, zimeandikwa, na mweka hazina wetu amekataa katakata kumpunguzia mtu yeyote, hata mgeni rasmi. Mashine ya kadi hatuna, lakini namba ya kulipia kwa M-Pesa imebandikwa kwenye kila meza.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanachama wa kikundi. Risala imesomwa na katibu.