Mkoa ukitafuta wawekezaji wa utalii, uanze na sisi tuliopo

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee utalii wa huku kwetu mkoa wa Mbeya, Nyanda za Juu Kusini, mana kila nikisikia wakuu wanaita wawekezaji moyo unanienda mbio, nafurahi, alafu kongamano linaisha, watu wanapanda magari wanaondoka na sisi wa huku tunabaki na mambo yetu yale yale.

Mimi nina gesti ya vyumba sita hapa Tukuyu, nimeijenga polepole kwa hela ya parachichi. Mwaka jana nilipokea familia kutoka Dar, baba, mama na watoto wawili, wamelipia usiku mbili, wanataka Ziwa Ngozi. Nikampigia kijana mmoja wa Isongole anayeongoza wageni, akaja na mabuti ya mvua ya kuwaazima. Njiani wakasimamishwa wakalipa, wakapewa stakabadhi, mbele kidogo wakadaiwa tena na watu wengine wenye stakabadhi yao, yule baba akawa anauliza sasa mwenye ziwa ni nani? Kijana hakuwa na jibu. Njia yenyewe ilikuwa utelezi mtupu, mtoto mdogo kaanguka mara tatu, mama anatafuta choo hakuna, mpaka wanamaliza kupita kwenye mianzi wanafika ukingoni wamechoka kabisa. Ukungu ukafunguka, ziwa likaonekana chini kule kijani limetulia, yule kijana ananiambia hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, hata watoto walinyamaza.

Waliporudi kwangu nikawapikia mbalaga, ndizi zetu za kupika, na nyama, wakala vizuri, wakanishukuru sana, ila yule mama akaniambia dada huku ni kuzuri lakini tunaondoka leo leo, watoto wamechoka na matope. Nikawarudishia hela ya usiku wa pili. Kesho yake walikuwa waende Kaporogwe kwenye maporomoko na jioni Ziwa Masoko, kwa hiyo yule kijana kakosa siku ya kazi, mwenye gari kakosa, jirani yangu anayeniletea maziwa nikamwambia leo usilete. Usiku mmoja tu huo, mhariri.

Ndio mana nasema mkoa wenyewe hauna haja ya kujenga hoteli, hoteli tutajenga sisi na wengine wenye mitaji mikubwa kuliko yetu, ila hakuna mtu binafsi anayeweza kuwakalisha meza moja kijiji, halmashauri na watu wa misitu wakakubaliana mgeni alipe sehemu moja na hela igawanywe huko ndani. Hiyo ni kazi ya ofisi ya mkoa na haihitaji mkopo wa mtu, ni kikao, na kikirudiwa hata mara tano mpaka waelewane mimi naona bado ni bei rahisi.

Barabara nayo hivyo hivyo. Chukua Kitulo, hifadhi tangu 2005, wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu, maua yake yanachanua kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, yani humo humo kwenye mvua. Kwa hiyo wakati mgeni ana sababu ya kuja ndio wakati gari linakwama. Mtu akipanda kutokea Chimala kwenda Matamba zile kona hamsini na saba zinamtosha, asikutane tena na tope huko juu. Mwekezaji mwenye akili akiona hivyo anapiga hesabu ya vyumba vitakavyokaa vitupu, anarudi zake. Uwanja wa ndege wa Songwe tunao toka 2012, lami kutoka Uyole mpaka hapa Tukuyu ipo, kilichobaki ni vile vipande vya mwisho vya kufikia vivutio vyenyewe, na hivyo ndivyo vinavyotumaliza.

Sikatai wawekezaji wakubwa, waje, tunawahitaji. Ila tukumbuke mradi wa REGROW, Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2017 ili kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwemo, na 2024 hela zikasimamishwa, baadae mradi ukafungwa, baada ya malalamiko ya wananchi wanaoishi pembeni ya hifadhi. Hela nyingi vile. Niliumia kwa ajili ya wale wananchi na niliumia kwa ajili ya kusini yetu, mana mtalii hawezi kupumzika mahali ambapo jirani wa hifadhi analia.

Ushauri wangu kwenye ardhi ni kwamba kijiji kisiuze, kikodishe, kiingie ubia, ardhi iwe ndio hisa yake na mapato yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila mtu asikie. Mwekezaji akijua kijiji kizima kinakula naye analala usingizi, hata mtu akitaka kukata miti au kumuibia mgeni wanakijiji wenyewe ndio watamkamata.

Na vijana wanaoongoza wageni wafundishwe. Yule wa Isongole anajua mbega wanapokaa, anajua kila mti kwa Kinyakyusa, lakini huduma ya kwanza hajawahi kufundishwa, na pale mtu anaweza kuteguka mguu saa yoyote.

Mimi mwenyewe nimeomba eneo dogo karibu na njia ya kupandia niweke vyoo, banda la chai na sehemu ya kupiga mahema, mtaji ninao. Faili langu liko ofisi moja huu mwaka wa pili, nikienda naambiwa mama njoo wiki ijayo. Hata wakinikataa sawa, ila wanijibu kabla ya msimu wa parachichi kuisha, nijue hela ya mwaka huu naipeleka wapi.

Ndaga fijo, yaani asante sana, mhariri.

Msomaji wako,
Tukuyu, Rungwe