Barua ya wazi kwa ukoo wenye bibi aliyekula chumvi nyingi

Wajukuu zangu, vitukuu na vilembwe,

Salamu kwenu nyote, mlio mjini na mliobaki kijijini. Picha za sherehe ya bibi yenu zimenifikia. Mmependeza, naye amekaa katikati kama malkia. Ila katika picha zote zile simwoni shangazi yenu, ambaye kwa wengine wenu ni mama mkubwa. Bila shaka alikuwa jikoni. Barua hii inamhusu yeye.

Mwanamke akifikisha miaka 100, binti aliyemzaa ujanani ameshagonga 80. Hilo hamlikumbuki mnaposema bibi ana mtu wa kumwangalia. Mtu mwenyewe ni mzee! Violet Brown wa kijiji cha Duanvale, Jamaika, alizaliwa Machi 1900 na kufariki Septemba 2017. Mwanawe wa kiume alikuwa amemtangulia Aprili mwaka huohuo, akiwa na miaka 97. Mfaransa Jeanne Calment, aliyeishi miaka 122, alimzika binti yake wa pekee mwaka 1934, na mjukuu wake wa pekee akafariki mwaka 1963. Kwa hiyo msidhani shangazi atakuwepo siku zote eti kwa sababu bibi bado yupo.

Kazi yake mnaijua? Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Akiachwa, ngozi ya makalio na visigino hubadilika rangi, kisha huchimbika kidonda kisichopona upesi. Hata mkunjo wa shuka unatosha kumuumiza. Kiu nayo hupungua uzeeni, kwa hiyo shangazi hangoji bibi aombe maji, humpelekea mwenyewe kidogo kidogo. Halafu mnakuja ninyi kwa siku moja, mnasema bibi kachanganyikiwa. Mpelekeni masikio yakaangaliwe kwanza. Nta ikiziba, mzee hujibu visivyoulizwa, na watu humwona akili imemtoka.

Pesa mnazotuma kwa simu zinasaidia, sikatai. Lakini hazimgeuzi mtu saa nane za usiku. Pangeni zamu, na wavulana wamo. (Msinipe habari za aibu. Kama ni kumwogesha, wasichana wataingia. Kuteka maji, kufua shuka na kukesha nani amewakataza?) Shangazi akipumzika, aende naye akapimwe shinikizo la damu na macho, maana tangu lini mmemuuliza habari za afya yake?

Mkitaka kuandika umri na maisha ya bibi, kaeni na huyohuyo shangazi. Anzeni na watoto wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, pamoja na waliofariki wachanga, maana hao ndio husahaulika na hesabu nzima ikaharibika.

Limebaki la nyumba na shamba, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Nimeona mabinti waliouguza mama zao miaka na miaka wakaambiwa na kaka zao, waliokuwa wageni pale, wahame mara baada ya mazishi. Bibi yenu bado ana kauli. Mwiteni kiongozi wa kijiji na mashahidi wasio wa ukoo, bibi aseme shangazi atakaa wapi, iandikwe, atie dole gumba.

Mwisho wa mwezi nakuja. Nataka nikute ratiba ya zamu imebandikwa ukutani, na jina la kwanza lisiwe la shangazi.

Ni mimi babu yenu.