Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kuhifadhi samaki wa mito yetu

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Kigamboni. Nimesikia mnajiandaa kutoka hapa Dar es Salaam kwenda vijiji vya kando ya Ruvu, Wami na Rufiji kuzungumza na wavuvi juu ya samaki wanaoanza kuadimika. Nimefurahi sana. Kazi yangu ilikuwa ubwana samaki, yaani ofisa wa uvuvi, hadi nikastaafu, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjapanda gari.

Nendeni na maswali. Mabango na fulana vifuate baadaye, hata visipokwenda si neno. Mvuvi wa Ruvu anajua perege anatengeneza viota sehemu gani ya kina kifupi, na maji yakifika wapi ndipo kambale anapoingia mbugani masika. Hawezi kuwapa maarifa hayo mkianza kwa kumsomea makosa yake. Kaeni naye anaposhona wavu. Muulizeni babu yake alivua samaki gani, kwa mitego ya mgono na wando au kwa ndoana, na ni samaki yupi ambaye wajukuu zake wanamsikia kwa jina tu.

Akiwazoea atawaonyesha mambo ambayo hotuba haiyafikii. Perege jike hutunza mayai na watoto mdomoni. Akinaswa kwenye wavu wa macho madogo au chandarua cha mbu, akatupwa mtumbwini, hutapatapa na kuwatema wale watoto. Wanamwagika kwenye maji yaliyotuama kati ya miguu ya mvuvi, macho meusi, wengine bado wana kiini tumboni. Nimeona wavuvi wazima wakilitazama jambo hilo wakakosa la kusema. Hapo ulizeni swali moja, tufanyeje, kisha nyamazeni mpaka wenyewe wajibu. Kimya kikirefuka, kivumilieni.

Wala msimbebeshe mvuvi lawama zote. Miteremko ya Uluguru inakatwa miti, na udongo wake unashuka mtoni. Mashamba yanavuta maji kiangazi. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na mafuriko yaliyokuwa yakifungua mbuga za Rufiji kwa samaki kutaga sasa yanapita kwanza kwenye milango ya bwawa. Sisi wa mjini nasi tunakunywa maji ya Ruvu kila siku. Yasemeni haya waziwazi mbele ya wanakijiji. Mtu akiona mnamtendea haki, huwa tayari kuitazama sehemu yake.

Kuna suala la sato, samaki wa jamii moja na perege. Watafiti wamemkuta sato wa kuletwa katika mabonde mengi ya mito yetu, na wamekuta chotara wake na perege wa asili. Mafuriko yakizoa bwawa la kufugia lililochimbwa kando ya mto, vifaranga vinaingia mtoni, na baada ya hapo hakuna wa kuvitoa. Kwa hiyo wafugaji nao waiteni kwenye mkutano. Waombeni wavuvi wawe macho yenu: sato ana michirizi iliyosimama mkiani, na anayetoa samaki wavuni kila siku ataiona kabla ya mtaalamu yeyote.

Wasimulieni habari ya ningu wa Kanda ya Ziwa. Samaki huyo huacha Ziwa Viktoria wakati wa mvua, akapanda mito kwenda kutaga. Watu walijua njia yake wakamtegea nyavu mlangoni mwa mto, akiwa na mayai tumboni. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka miongoni mwa samaki walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kisha wasimulieni habari za wavuvi wa pweza wa Songosongo kule Kilwa, wanaofunga mwamba kwa muda, yaani kuacha kuvua hapo, na kuufungua kwa siku waliyokubaliana. Mvuvi humwamini mvuvi mwenzake. Ikiwezekana, leteni mmoja wao aseme mwenyewe.

Lakini hapa ndipo penye uzito, na nawasihi msipapite haraka. Mkifunga kidimbwi au mdomo wa kijito miezi ya kutaga, nani atakula nini? Wavuvi wengi hawana wavu wao. Wavu ni wa tajiri, mtumbwi ni wa tajiri, hata unga wa kambini umekopwa kwa tajiri, na deni halingoji samaki walee watoto. Yupo pia mama anayebanika samaki na kuwapeleka sokoni, ambaye ada ya shule ya wanawe inatoka kwenye lile jiko. Nimehudhuria vikao vilivyoweka katazo bila kumwita mama huyu wala tajiri yule, na katazo halikumaliza mwezi. Waiteni wote wawili. Waiteni pia wavuvi wa dago wanaopiga kambi msimu hadi msimu, maana wasiposhiriki kupanga watavua palipofungwa huku wenyeji wakiwatazama kwa uchungu.

Sheria tunayo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inazitambua BMU, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake. Sumu, iwe ya dukani au ya mmea wa utupa, haina mjadala. Mengine yaacheni yajadiliwe hadi usiku ikibidi.

Mkipima samaki na kuandika takwimu zenu, zisomeni kwanza kijijini, kwa Kiswahili, kabla hazijafika ofisini Dar es Salaam. Wazee wakiwasahihisha, andikeni walivyosema. Na kundi la Ruvu liniarifu siku ya safari mapema. Nikiwa na afya nitakuja nanyi.

Mzee wenu,
Bwana samaki mstaafu, Kigamboni