Miche ya hoho imegeuka njano baada ya kuhamishwa? Soma jani kabla ya kununua mbolea

Mche wa hoho unatoka kitaluni kijani kibichi, siku tatu baadaye majani yana mabaka, na mwenye nao anakuja dukani kwetu kuomba busta, yaani mbolea ya maji ya kuchangamsha mmea. Kabla hatujamuuzia chochote tunamuuliza mambo mawili: yalianza siku ya ngapi, na yalianza jani la chini au la juu?

Siku ni muhimu kwa sababu njaa ya virutubisho haiji usiku mmoja. Mabaka meupe, makavu kama karatasi, yanayotokea ndani ya siku mbili hadi nne kwenye majani yanayotazama jua, ni kuungua jua. Jani hilo halitapona, wala halihitaji dawa. Angalia machipukizi: yakitoka safi, mche umeshazoea. Kinga yake ni kuizoesha miche nje kwa siku 7 hadi 10 ikiwa bado kwenye trei, ukianza na saa moja au mbili za jua la asubuhi, kisha kuipanda jioni.

Yakianza baada ya wiki moja au zaidi, sasa tazama ni jani lipi. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu husafiri ndani ya mmea, kwa hiyo mche ukipungukiwa huyanyang'anya majani ya zamani ili ulishe machanga. Chuma na kalsiamu hazihami, upungufu wake huonekana juu.

Majani ya chini yakiwa njano yote, pamoja na mishipa, shuku naitrojeni. Lakini kwanza chomeka kidole udongoni. Ukikuta tope na mche umelegea, mizizi imekosa hewa na mbolea itazidisha madhara. Acha kumwagilia mpaka udongo wa juu ukauke. Kama unyevu ni wa kawaida, yeyusha gramu 2 za NPK 19-19-19 (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) kwa kila lita ya maji, umwagilie shinani mara moja kwa wiki.

Njano kati ya mishipa, mishipa ikibaki kijani: kwenye majani ya zamani ni magnesiamu, nyunyiza chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesiamu) gramu 5 kwa lita ya maji, jioni. Kwenye majani machanga ni chuma, na hapo mara nyingi chuma kimo udongoni ila mizizi haiwezi kukichukua kwa kuwa pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, imepanda. Hoho hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8. Majivu ya jikoni yaliyomwagwa kwa wingi, au maji ya kisima yenye chokaa, huipandisha. (Majivu yana sifa nzuri kupita kiasi mitaani kwetu.)

Rangi ya zambarau chini ya majani, hasa sehemu za baridi kama Lushoto au Njombe mwezi Juni na Julai, ni upungufu wa fosforasi. Hata hivyo, kuongeza DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi nyingi) hakusaidii sana udongo ukiwa baridi, maana mizizi imezubaa. Subiri joto.

Kingo za kahawia zilizokauka ghafla? Mbolea imezidi, au DAP imegusa mizizi. Kipimo cha DAP kwa shimo ni kifuniko kimoja cha soda, kama gramu 5, kikichanganywa vizuri na udongo kabla ya mche kuingia. Samadi mbichi huunguza vilevile. Mwagilia maji mengi ya kusafisha chumvi ya mbolea, ila tu kama udongo haujatuama maji.

Kukunjamana kwa majani machanga ndiko kunakowapotosha wengi wakanunua kalsiamu. Yakijikunja kuelekea chini, membamba na magumu, huyo ni utitiri, na hutamwona kwa macho matupu. Yakijikunja kuelekea juu, mara nyingi ni thiripi, wadudu wadogo wembamba wanaofyonza majani. Gongagonga kichipukizi juu ya karatasi nyeupe uone kama kuna thiripi wanaotembea. Kwa utitiri tumia salfa ya unga unaochanganywa na maji, kwa kipimo kilicho kwenye pakiti, jua likishapoa. Salfa kwenye jua kali huunguza majani.

Ukitutumia picha, piga mche mzima, kisha jani moja lililogeuzwa, na utuambie maji yanatoka wapi na uliweka nini kwenye shimo.